Mafuta ya Karafuu Kitaluni: Je, Yafaa kwa Miche?

Siku hizi maneno mengi yanasemwa juu ya mafuta ya mimea yenye harufu, kama vile mafuta ya karafuu, ya mchaichai, ya mrehani na ya mkaratusi. Husemwa kwamba yakitiwa kitaluni, miche huota upesi, hupata nguvu, wala haishikwi na maradhi. Mwanachama mwenzetu mmoja, mwenye ndugu yake aliyehamia Ikola, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, ametuletea swali juu ya jambo hili. Ndugu yake huyo anataka apelekewe chupa ya mafuta ya karafuu ayatie katika kitalu chake cha nyanya kabla ya mvua, naye auliza atie kiasi gani.

Twaona swali hili si la mtu mmoja. Wengi wetu tunayo miche ya mikarafuu, na wengi hupanda nyanya, bilingani na pilipili karibu na nyumba. Kwa hiyo tumeona yafaa tulijibu hapa, kila mtu apate kusoma.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Mafuta ya karafuu yaweza kuusaidia mche yakiwa matone machache tu ndani ya maji mengi, na hata hapo si kila mara. Yakizidi, yanauunguza. Basi mtu asiyatie katika kitalu chake chote kabla hajayajaribu katika pembe ndogo, na kuyalinganisha na maji matupu. Sababu zake tutazieleza moja moja.

MAFUTA YENYEWE

Mafuta haya si kama ya nazi wala ya mawese. Mafuta ya nazi ukiyadondosha juu ya karatasi huacha doa lisilotoka. Mafuta ya karafuu huruka polepole yakaenda na hewa, ndiyo maana harufu yake yasikika tangu njiani. Hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji moto katika karafuu, makonyo au majani. Mvuke huo huyachukua mafuta, kisha ukipozwa hugeuka maji, na mafuta hujitenga. Ndiyo kazi inayojulikana sana kwetu Pemba kwa ajili ya kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake.

Kilo 100 za karafuu kavu zaweza kutoa yapata kilo 15 hadi 20 za mafuta. Makonyo hutoa yapata kilo 5 hadi 7, na majani kilo 2 au 3. Katika mafuta hayo sehemu kubwa, aghalabu 70 hadi 90 kwa kila 100, ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Hicho ndicho kiletacho harufu ya karafuu, ndicho kinachotia ganzi jino linalouma, na ndicho tunachokitafuta habari zake hapa.

Kuna jambo moja ambalo mkulima yafaa alijue kabla ya lolote. Mafuta ya karafuu hayachanganyiki na maji. Tena, kinyume cha mafuta ya nazi yanayoelea, haya ni mazito kuliko maji, huzama chini. Mtu akidondosha mafuta katika ndoo ya kumwagilia na kukoroga tu, miche ya mwanzo itapata maji matupu, na ile itakayomwagiliwa mwisho wa ndoo itapata mafuta yote. Miche hiyo ikifa, yeye atasema ni mbegu mbaya, au ni maradhi, kumbe ni ndoo.

MAANA YA KICHOCHEO

Wataalamu wa kilimo wana jina la vitu visivyo mbolea wala dawa ya wadudu, ila huuchochea mmea kutumia vizuri kile kilichopo. Huviita vichocheo vya mimea. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeviwekea sheria, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Sheria hiyo yasema kwamba kichocheo ni kitu kinachouwezesha mmea kutumia vyema chakula chake, au kuvumilia jua, ukame na baridi, au kutoa mazao yaliyo bora, au kupata chakula kilichofungika udongoni; nacho hufanya hivyo si kwa sababu ya chakula kilichomo ndani yake.

Maneno hayo yafaa tuyashike. Mafuta ya karafuu hayana mbolea inayoweza kuhesabiwa. Mtu akikuuzia chupa yake kwa jina la mbolea, hakukuuzia mbolea. Na kitu kinachoua ukungu au wadudu, hata kikiusaidia mche ukapona, hiyo ni dawa ya maradhi, si kichocheo. Mara nyingi mambo haya mawili huchanganywa, na mkulima asijue amenunua nini.

KIDOGO HUAMSHA, KINGI HUUA

Je, yawezekana kitu kikali kiuamshe mche? Yawezekana. Mwaka 1888 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Hugo Schulz alitia sumu mbalimbali katika hamira. Sumu nyingi iliiua hamira, lakini sumu kidogo sana iliifanya ichachuke zaidi kuliko ile isiyotiwa kitu. Mwaka 1943 Southam na Ehrlich, huko Marekani, waliona jambo hilohilo walipojaribu maji yaliyotolewa katika mti wa mwerezi mwekundu juu ya kuvu zinazoozesha mbao. Maji makali yalizizuia kuvu, maji hafifu yalizistawisha. Wao ndio waliolipa jambo hilo jina linalotumika na wataalamu hata leo, yaani homesisi.

Kwa mche mambo huenda hivi. Tone dogo la mafuta likimfikia mtoto wa mmea, humdhuru kidogo tu. Yeye kwa kujihami huamsha ulinzi wake wa ndani, akatengeneza vitu vya kupambana na madhara. Ulinzi huo ukishaamka, siku jua likizidi au maji yakikosekana humkuta yu tayari. Ni kama kijiji kilichosikia mbiu kabla adui hajafika. Tena mafuta yaweza kuua kuvu zilizoshika ganda la mbegu, mbegu ikaota salama. Hizo ndizo faida mbili zinazosemwa, na zote mbili zina msingi.

Lakini mbiu ni kitu kimoja, na moto katika paa ni kitu kingine. Eujenoli huingia katika ngozi nyembamba inayofunika kila chembe ya mmea, ikaitoboa. Maji ya ndani huvuja, jani likanyauka, likawa kama lililomwagiwa maji ya moto. Wamarekani wanaolima bila dawa za viwandani huyatumia mafuta ya karafuu kwa kazi hiyohiyo, yaani kuunguza magugu.

Mwaka 2002 mtaalamu Tworkoski, wa Marekani, alichapisha majaribio yake ya mafuta ya mimea mingi. Katika yale yaliyoumiza mimea zaidi ya mengine yalikuwamo ya mdalasini na ya karafuu. Mafuta hayo yakiwa sehemu 1 tu kwa 100 za maji, majani yalianza kuvuja. Yakiwa sehemu 5 hadi 10 kwa 100, magugu yalikufa baina ya saa moja na siku moja. Kwa vipimo vya nyumbani, sehemu 1 kwa 100 ni mililita 10 katika lita moja ya maji, yaani vijiko viwili vidogo vya chai. Angalieni basi jinsi kilivyo kidogo. Mtu mkarimu akikata shauri kutia vijiko viwili katika kopo la lita moja ili miche ishibe, ameshafika kwenye kipimo kinachotoboa majani.

Mwaka 2006 wataalamu Bainard, Isman na Upadhyaya, wa Canada, waliyajaribu mafuta ya karafuu juu ya miche ya brokoli, ambayo ni jamaa ya kabichi, na juu ya magugu. Waliona kwamba nta nyembamba iliyo juu ya jani huukinga mche. Nta ikiondolewa, jani huvuja zaidi. Tuyapeleke hayo kitaluni kwetu. Jani la kabichi lina nta, mkono wako hulisikia. Jani la nyanya ni laini. Basi kipimo kilichofaa kwa kabichi ya jirani chaweza kuwa kifo cha nyanya yako.

Na huko Ulaya, dawa moja ya zamani ya kuzuia viazi visichipue ghalani ilipigwa marufuku, mwisho wa kuitumia ukawa mwaka 2020. Baadhi ya wenye maghala sasa hutumia mvuke wa mafuta ya mnanaa. Huko mafuta ya harufu hutumika kuchoma chipukizi lisitoke, nasi huku tunaambiwa ni ya kulitoa. Yote mawili yaweza kuwa kweli. Kinachotofautisha ni kipimo, mmea na wakati.

MBONA MKARAFUU WENYEWE HAUUNGUI?

Huenda mtu akauliza: kama mafuta haya ni makali hivyo, mbona mkarafuu unayo mwili mzima nao wastawi? Jawabu ni kwamba mkarafuu hauyaachi mafuta yake yatembee ovyo. Huyaweka katika vifuko vidogo vilivyofungwa, mbali na nyama yake iliyo hai. Lichukueni jani la mkarafuu mlielekeze kwenye jua, mtaona vitone vidogo vinavyong'aa. Hivyo ndivyo vifuko. Harufu hutoka tulivunjapo jani kwa sababu tumevipasua. Mafuta yanayotoka chupani hayana kifuko. Yakimwagwa juu ya mche wa mkarafuu, huuchoma kama yanavyochoma mwingine.

Tena mtu asidhani kwamba kuwa na mafuta ni kinga ya maradhi yote. Wazee wetu wanakumbuka maradhi ya mikarafuu kufa ghafla, yaliyomaliza mashamba mengi ya Unguja na kuingia Pemba. Baada ya uchunguzi mrefu, Nutman na Roberts walieleza kwamba kuvu iitwayo Valsa eugeniae ndiyo inayohusika. Mti ulikuwa umejaa mafuta tangu jani hadi ua, na kuvu ikauua. Kwa hiyo anayesema kwamba mafuta ya karafuu huua kuvu zote, na aangalie mkarafuu uliokauka kwa kuvu.

SIFA ZA MAJI ZISIPEWE MAFUTA

Sasa twafika kwenye kosa linalowadanganya watu wengi, wasomi na wasio wasomi. Mtu hulowesha mbegu usiku kucha katika maji yenye matone ya mafuta, asubuhi hupanda. Mbegu zikaota siku mbili mapema kuliko za jirani aliyepanda mbegu kavu. Husema, "Mafuta yameziotesha." Lakini jirani hakulowesha kabisa! Yawezekana ni maji tu yaliyofanya kazi.

Kulowesha mbegu kabla ya kupanda ni ufundi wa zamani, na katika miaka ya 1990 mtaalamu David Harris na wenzake waliujaribu katika mashamba ya wakulima huko India na Zimbabwe. Mahindi yalilowekwa usiku mmoja, yakafutwa maji, yakapandwa siku ileile. Yaliota mapema na kwa usawa kuliko yaliyopandwa makavu. Hapana mafuta yaliyotiwa, na gharama ilikuwa ni ndoo ya maji tu.

Hata wataalamu wakubwa wamepata kukosea namna hiyo. Mwaka 1964 Muller na wenzake, wa California, walieleza kwamba pembezoni mwa vichaka vyenye harufu kali pana ardhi tupu isiyoota nyasi, na kwamba mvuke wa mafuta ya vichaka hivyo ndio unaozuia mbegu. Maelezo yalikuwa mazuri, na watu wengi waliyakubali. Mwaka 1970 mwenzao Bartholomew alizungushia wavu sehemu za ardhi ile tupu. Ndani ya wavu nyasi ziliota. Panya, sungura na ndege waliojificha vichakani ndio waliokuwa wakila mbegu na miche. Mafuta yalikuwapo kweli, tena yaweza kudhuru mbegu katika chupa, lakini kwa ardhi ile lawama kubwa ilikuwa ya panya.

Tumeyaleta mambo haya si kwa kuwacheka wasomi. Tunataka kila mmoja wetu aone kwa nini pembe ya maji matupu ni lazima. Bila ya kulinganisha, mtu hawezi kujua ni mafuta, ni maji, ni mbegu mpya, ama ni panya.

MKULIMA WA IKOLA

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa Ikola. Ikola imo katika Wilaya ya Tanganyika, si mbali na Karema, katika mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Rukwa. Zamani watu walikuwa wakisema tu Mpanda. Huko watu huvua dagaa na migebuka, na hulima. Lakini mvua yao si kama yetu. Sisi visiwani tuna masika na vuli. Mtu akiharibikiwa na kitalu cha masika, vuli yaja. Katavi wana msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia yapata Novemba hadi Aprili. Anayeunguza miche yake mwezi wa Novemba amepoteza wakati ambao hautarudi mpaka mwaka mwingine. Ndiyo maana hatutaki tumjibu kwa haraka tukasema, "Tia matone kadha wa kadha," kisha tukae mbali na hasara yake.

Lakini anayo neema moja, nayo ni ziwa. Maji yapo mwaka mzima. Basi afanye jaribio lake mwezi wa Agosti au Septemba, wakati kazi za shamba si nyingi, ili mvua zikianza awe ameshajua lipi la kufuata. Afanye hivi:

Kwanza, achukue mbegu 300 za nyanya za aina moja, kutoka pakiti moja. Atayarishe vikasha vidogo 12, au atenge tuta katika sehemu 12 zilizo sawa, kwa udongo uliochanganywa pamoja. Kila sehemu apande mbegu 25.

Pili, sehemu 3 azimwagilie maji matupu. Sehemu 3, maji yenye sabuni kidogo tu. Sehemu 3, maji yenye sabuni kiasi kilekile na matone 2 ya mafuta ya karafuu kwa lita moja. Sehemu 3 za mwisho, sabuni kiasi kilekile na matone 10 kwa lita moja. Matone 20 ni yapata mililita moja. Kwa hiyo matone 10 ni sehemu ya ishirini ya kile kipimo kilichovujisha majani huko Marekani, na matone 2 ni sehemu ya mia. Hatusemi kwamba vipimo hivi vitafaa. Twasema ni vya kujaribia.

Tatu, mafuta yakorogwe kwanza na ile sabuni iliyoyeyushwa, mpaka yageuke meupe kama tui, kisha maji yaongezwe kidogo kidogo huku akikoroga. Hapo yatasambaa, hayatazama. Na zile sehemu zenye sabuni pasipo mafuta zina maana yake, kwani sabuni nayo yaweza kuunguza miche au kuua wadudu, nasi hatutaki mafuta yabebe sifa au lawama zake.

Nne, sehemu zichanganywe, zisipangwe kila aina upande wake. Upande mmoja ukipata jua zaidi, au kuku wakapita, jaribio zima litasema uongo. Kila sehemu aitie alama ya kijiti chenye nambari, na nambari aziandike katika daftari.

Tano, maji ya mafuta yatiwe mara moja wakati wa kupanda, na mara moja miche ikishatoa majani mawili ya kweli, tena jioni jua likishapungua. Siku nyingine zote ni maji ya kawaida kwa wote.

Sita, ahesabu. Siku ya 7, ya 14 na ya 21 aandike miche mingapi imeota, mingapi imeanguka, na majani mangapi yana madoa ya kuungua. Mwisho ang'oe michache kila sehemu aone mizizi, maana mche mrefu wenye mizizi haba si mche.

Kila namna itakuwa na mbegu 75. Ikiwa kwa maji matupu imesimama miche 60, na kwa matone 2 imesimama 62, hapana tofauti. Hiyo ni bahati tu. Ikiwa ni 45 kwa 65, na katika vikasha vyote vitatu hali ni hiyo, hapo pana neno la kusema. Na arudie mara ya pili kabla hajakiamini.

Tena mwenzetu huyo asidhani lazima angoje chupa kutoka Pemba. Bara hupatikana mmea wa kivumbasi, na aina moja ya kivumbasi cha porini ina eujenoli hiyohiyo iliyomo katika karafuu. Katika miaka ya 1990 wataalamu Bekele, Obeng-Ofori na Hassanali, waliokuwa katika kituo cha wadudu cha ICIPE, Nairobi, waliujaribu dhidi ya wadudu wa ghalani, akiwamo fukusi wa mahindi, wakaona mafuta na majani yake huwafukuza na kuwadhuru. Mikoa ya magharibi inajua hasara ya wadudu hao. Dumuzi wa mahindi, ambaye watu walimpa jina la Skania, alianza kuonekana karibu nao, huko Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nguvu za mche huanza katika mbegu ambayo haikutobolewa. Kuihifadhi mbegu vizuri kutamsaidia mkulima wa mahindi kuliko tone lolote analotia baadaye.

MICHE YETU YA MIKARAFUU

Kwa wanachama wenyewe, shauri letu ni hili. Mbegu ya mkarafuu isiloweshwe katika mafuta. Mbegu hii si kama ya nyanya au mahindi, haivumilii kukauka wala kungojezwa. Tunda likiiva na kuanguka, lilowekwe katika maji safi ganda lake lilainike, limenywe, na mbegu ipandwe mara moja. Mbegu hiyo imo hai na laini tangu siku ya kwanza, haina ganda gumu la kuizuilia eujenoli isiingie.

Tena mche wa mkarafuu hukua polepole, hukaa kitaluni miezi mingi, na mti wenyewe hungojewa miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa. Kitalu cha nyanya kikiungua umepoteza wiki nne au tano. Kitalu cha mikarafuu kikiungua umepoteza mwaka au zaidi. Basi anayetaka kujaribu, ajaribu juu ya miche michache ambayo moyo wake umekubali kuipoteza.

Ikiwa shida yako ni kinyausi, yaani miche kulegea shingoni na kuanguka, tazama kwanza mambo haya manne. Je, maji yamezidi? Miche imesongamana? Udongo ni uleule wa mwaka jana? Kivuli cha makuti ni kizito hata hewa haipiti? Mara nyingi ukiyatengeneza hayo kinyausi hupungua, na hakuna chupa iwezayo kuponya kitalu kinachoogelea.

TAHADHARI

Mafuta haya yatiwe katika chupa ya kioo, kwa kuwa huila baadhi ya plastiki. Yakigusa ngozi huwasha, yakiingia jichoni huunguza. Yawekwe mbali na watoto. Mtoto mdogo akinywa hata kiasi kidogo, ini lake laweza kuharibika. Apelekwe hospitali mara moja.

Na neno la mwisho kwa Ikola: ndoo na makopo yenye mafuta yasioshwe ziwani. Eujenoli hulevya samaki. Wafugaji wa samaki na wataalamu huitumia kwa makusudi, kuwalaza samaki wapate kuwapima. Ziwa Tanganyika lina samaki wa namna nyingi wasiopatikana popote pengine duniani, nao ni riziki ya majirani zake. Maji ya kuoshea yamwagwe mbali, katika ardhi kavu isiyolimwa.

Ndugu wanachama, sisi ni wenye karafuu, na kila tone linalouzwa lina faida kwetu. Twaweza kunyamaza, tukaacha watu wanunue chupa kwa matumaini. Lakini mkulima wa bara akiunguza miche yake kwa mafuta yaliyotoka visiwani, hatasema alikosea kipimo. Atasema karafuu ya Zanzibar ni mbaya, na jirani yake atamsikia. Jina la zao letu limetunzwa kwa miaka mingi kwa kuanika vizuri na kuchambua makonyo. Na lilindwe pia kwa kusema kweli juu ya kinachowezekana na kisichowezekana.

Mwenye kujaribu, awe Pemba, Unguja au Ikola, na atuletee hesabu zake, hata kama mafuta hayakufaa kitu. Hesabu ya kushindwa ni msaada kwa wengine kama ya kufaulu. Na kabla ya yote amwone bwana shamba au bibi shamba wa kwao, amwonyeshe daftari lake, wapange pamoja.